Shimo si Bwawa: Niliyojifunza Kwenye Machimbo ya Kokoto

Ukiacha barabara ya Bagamoyo upande wa Kunduchi na kushuka kuelekea baharini, udongo mwekundu wenye mchanga unazidi kuwa mwembamba na mawe ya matumbawe yanaanza kuchomoza juu ya ardhi. Kwa miaka mingi mawe hayo yamegongwa kokoto, kwa nyundo za mkono na kwa mashine, na nyumba nyingi za jiji hili zimesimama juu yake. Jiwe linapokwisha, au kibali kinapofika mwisho, yanabaki mashimo, kuta za mawe zilizo wima na vilima vya kifusi visivyoota hata jani. Mimi ni mhandisi wa maji, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kupanga maji ya mvua yapite wapi pale machimbo ya namna hiyo yanapofungwa na ardhi kurudishwa katika hali ya kutumika tena. Bwawa langu la kwanza lilishindwa. Ninasimulia jinsi lilivyoshindwa kwa ajili ya vijana wanaoingia katika kazi hii, maana sababu zake zilikuwa wazi kwa mtu yeyote ambaye angeanza kutazama mahali panapostahili, nami nilianza kutazama mahali pengine.

Machimbo yenyewe sitayataja. Eneo lote lililomwaga maji yake upande mmoja lilikuwa na hekta 12, na chini yake kulikuwa na bonde dogo lenye nyumba za watu. Mwenye kibali alipaswa kurekebisha ardhi kabla ya kuondoka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hazimruhusu mchimbaji kuchukua mawe na kuwaachia majirani mashimo. Mpango wa kufunga machimbo ulikuwepo, lakini kuhusu maji ya mvua ulikuwa na sentensi moja tu: kwamba shimo kubwa lililopo litatumika kama bwawa la kuyapokea. Niliisoma sentensi ile nikaikubali, kwa kuwa shimo lilikuwa limekwisha kuchimbwa na hakuna aliyetaka kulipia uchimbaji mwingine.

Kisha nikapiga hesabu, na hesabu ikanipa moyo. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya hekta 1 inatoa mita za ujazo 10 za maji. Kwa hiyo mvua ya milimita 100 kwa siku moja, ambayo Dar es Salaam si jambo geni wakati wa masika, ingetoa mita za ujazo 12,000 kwenye hekta zetu 12. Si maji yote yanayotiririka. Mengine hunywewa na ardhi. Kwa mteremko ulio uchi kama ule nilichukua sehemu ya 0.6, nikapata mita za ujazo 7,200. Shimo lilikuwa na nafasi ya zaidi ya mara mbili ya hapo. Nilipiga mstari chini ya jibu na kuwaambia wenzangu kwamba maji yana mahali pa kukaa.

Masika ilipoanza, shimo lilipokea maji hadi kina cha mita mbili hivi. Siku tatu baadaye lilikuwa tupu, na kwa bahati mbaya nilifurahi, nikidhani ardhi imeyanywa maji kama inavyotakiwa na kwamba bwawa liko tayari kwa mvua inayofuata. Siku ya nne alinijia mzee mmoja anayeishi bondeni, akiwa na jagi la plastiki mkononi.

"Shikamoo mzee," nilimwamkia.

"Marahaba. Mhandisi, njoo uone maji yako."

Aliyamimina kwenye glasi polepole, kama mtu anayemkaribisha mgeni. Yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Yametoka kisimani kwake, alisema, kisima ambacho alikichimba mwenyewe alipojenga na ambacho hakikuwahi kuchafuka, hata katika zile mvua za Desemba 2011 zilizoua watu bonde la Msimbazi na kuwafanya wengine wahamishiwe Mabwepande. Aliyaita maji yangu, na sikuweza kubisha. Kabla ya kazi yangu kisima kile kilikuwa safi.

Mvua iliyofuata nilisimama ukingoni mwa shimo na mwavuli, nikingoja. Maji yalipotulia kidogo niliona majani makavu ya mwarobaini yakikusanyika mahali pamoja chini ya ukuta wa mawe, yakizunguka taratibu, kisha moja baada ya jingine yakizama. Siku shimo lilipokauka nilishuka hadi pale. Palikuwa na tundu lenye ukubwa wa bakuli la uji, kingo zake laini kabisa kana kwamba zimesuguliwa kwa msasa, na nilipoingiza mkono hadi kwenye bega sikugusa mwisho.

Jambo hilo ningepaswa kulijua. Mawe ya matumbawe ni chokaa, na maji ya mvua yaliyobeba hewa ukaa huiyeyusha chokaa kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka, yakiacha matundu na mapito. Maji yanayopenya kwenye mchanga huchujwa yakiwa njiani. Yanayoingia kwenye mapito ya chokaa hukimbia kama yako ndani ya bomba, na kila yalichobeba hufika nacho upande wa pili. Katika mtaa wenye vyoo vya shimo na visima vifupi, hatari yake haiishii kwenye rangi ya maji. Tuliwaletea majirani wa bondeni maji ya boza mpaka visima vilipotulia na kusafishwa, na gharama hiyo peke yake ilizidi ile tuliyodhani tumeiokoa kwa kutochimba.

Tuliziba vipi? Matundu makubwa tuliyajaza mawe na zege, kisha tukatandika udongo wa mfinyanzi sakafuni na kwenye kingo. Udongo huo ulikuwepo palepale, kwenye vilima vya kifusi ambavyo wachimbaji waliviondoa juu ya jiwe na kuviona havina faida. Tuliutandika kwa tabaka nne, kila moja ikishindiliwa hadi kubaki sentimita 15, jumla sentimita 60. Kinachoamua kama udongo utashika maji au utavuja ni unyevu wake wakati wa kushindilia. Ukiwa mkavu, mabonge hayashikani na kati yake hubaki nafasi. Ukiwa umelowa kupita kiasi, shindilio linazama na udongo unatiririka pembeni kama ugali usioiva. Maabara hutoa kipimo kamili, lakini maabara haisimami juani siku nzima na opareta wa katapila. Tulitumia njia ya zamani: unachukua bonge, unaliviringisha kwa kiganja juu ya kipande cha kioo mpaka liwe uzi. Uzi ukikatika ukiwa na unene wa milimita 3 hivi, unyevu unakaribia ule unaotakiwa. Ukikatika mapema zaidi, ongeza maji. Ukiendelea kuwa mwembamba bila kukatika, acha jua lifanye kazi. Baada ya siku mbili opareta hakuhitaji tena kuniuliza. Alikuwa akishuka mwenyewe kwenye katapila, akiviringisha uzi wake, na akirudi kuendelea au kumwita mwenye boza.

Nyongeza moja juu ya hilo, kwa sababu nimeona wengine wakiliharibu: jua la Dar es Salaam hupasua mfinyanzi ulio wazi ndani ya siku chache. Tabaka la juu lifunikwe kwa udongo wa kawaida siku ileile.

Bwawa liliacha kuvuja. Masika ya pili likajaa, nami nikaamini tumemaliza. Mvua zilipokatika nilitumbukiza fito ya kupimia, nikakuta karibu nusu ya kina ni tope. Msimu mmoja tu ulikuwa umeliletea bwawa mashapo ambayo nilitegemea yachukue miaka.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tangu mwanzo nilikuwa nikiyatazama maji peke yake, ilhali kilichokuwa kikishuka kwenye mteremko ule ni maji pamoja na mlima wenyewe. Nilichukua chupa ya lita moja na nusu, nikaijaza maji ya mtaro wakati mvua ikinyesha, nikaiweka dirishani ofisini. Mchanga ulituama kabla sijamaliza kufunga kizibo. Baada ya chakula cha mchana tabaka la pili, laini zaidi, lilikuwa limeshakaa juu ya mchanga. Lakini maji yaliyobaki juu yalikuwa na rangi yake ileile jioni, kesho yake, na wiki iliyofuata. Sababu yake inafahamika vizuri: chembe ya mchanga mwembamba yenye kipenyo cha milimita 0.1 huzama mita moja kwa dakika mbili hivi. Chembe ya milimita 0.01 huchukua zaidi ya saa tatu; chembe ya mfinyanzi ya milimita 0.001 huchukua karibu wiki mbili, na hapo ni ndani ya maji yaliyotulia kabisa, jambo ambalo halipo bwawani mvua inaponyesha. Akina mama wa bondeni walikuwa wakilijua hili kwa mikono yao. Walikuwa wakitia shabu kwenye ndoo, au mbegu za mlonge zilizotwangwa, kwa sababu walishaona kwamba kungoja peke yake hakusaidii.

Kutokana na hesabu hiyo yalikuja mabadiliko mawili, na kama ningelazimishwa kubaki na mawili tu kati ya yote niliyojifunza, ningebaki na haya.

La kwanza ni kwamba uwezo wa bwawa kukamata mashapo unategemea zaidi eneo la uso wake kuliko kina chake. Chembe inahitaji kufika chini kabla maji hayajafika kwenye tundu la kutokea. Ukiongeza kina, unaongeza pia umbali wa kuzama, na faida inapotea. Ukiongeza eneo, mkondo unapungua kasi na chembe inapata muda. Shimo la machimbo lina umbo la kinyume chake: jembamba, la kina kirefu, na maji yalikuwa yakiingilia kona moja na kutokea kona ya karibu. Tulijenga bwawa dogo la kutangulia kwenye mdomo wa mtaro, la kina cha mita moja tu, urefu wake mara tatu ya upana, lenye sakafu ngumu ya mawe ili katapila liweze kuingia kuzoa tope bila kuchimbua mfinyanzi. Mchanga wote na sehemu nzuri ya tope sasa vinaishia hapo, na bwawa kubwa limepumzika.

La pili ni kwamba mfinyanzi hauzuiwi bwawani. Unazuiwa kwenye mteremko, kabla haujaondoka. Tulirudi juu. Vilima vya kifusi vilivyokuwa vimesimama kama kuta tulivilaza mpaka kwa kila mita tatu za kwenda mbele mteremko upande mita moja, tukachimba mitaro ya kontua, yaani inayofuata usawa wa ardhi kukingama mteremko, tukarudisha udongo wa juu ulioweza kuokolewa, tukapanda nyasi za vetiva, ambazo mizizi yake hushika udongo, kwa mistari kukingama mteremko. Niliwahi kuona vetiva ikipandwa mwanzoni mwa masika, katikati ya mvua kubwa, na wiki ileile ikielea bwawani. Mahali petu hupandwa wakati wa vuli, Oktoba au Novemba, mvua zikiwa za wastani, ili Machi ikifika mizizi iwe imeshashika. Ratiba hiyo ina uzito kuliko mchoro wowote niliowahi kuchora, na mara nyingi wenye fedha huipuuza, kwa sababu mkataba husainiwa Januari na kila mtu anataka kuona katapila likinguruma Februari.

Tulipofika hapo ndipo tulipoweza kuzungumzia maji yenyewe, yaani yatoke vipi. Kuna bwawa la kushikilia maji, ambalo hubaki na maji mwaka mzima au sehemu kubwa ya mwaka, na kuna bwawa la kuchelewesha, ambalo hujaa wakati wa mvua kisha hujimwaga taratibu mpaka likauke. Watu huyachanganya, na mpango wetu wa awali ulikuwa umeyachanganya. Kwa majirani wa bondeni, lililo muhimu ni kuchelewesha. Mvua yenye nguvu ya milimita 90 kwa saa juu ya hekta zile, kwa sehemu ileile ya 0.6, hutoa mita za ujazo 1.8 kila sekunde. Kalvati la chini, lililowekwa zamani kabla ya mlima kuvuliwa nyasi, halikuwa na uwezo wa kupitisha hata nusu ya maji hayo. Kwa hiyo tuligawa bwawa: sehemu ya chini ibaki na maji kwa ajili ya kumwagilia miche na kuzima vumbi, na sehemu ya juu iwe tupu wakati wote, ikingoja mvua, ikijimwaga kupitia bomba dogo ndani ya siku mbili au tatu.

Juu ya yote hayo kuna utoro wa maji, yaani njia ya kupitishia maji yanayozidi bwawa linapojaa, na hapa ninaomba msomaji anivumilie kidogo. Mhandisi anaposema bwawa limesanifiwa kwa mvua ya miaka 25, wenyeji husikia kwamba mvua hiyo ikija leo, basi haitarudi mpaka miaka 25 ipite. Nimesikia hata wakubwa wa ofisi wakilisema hilo kwenye mikutano. Maana yake halisi ni kwamba kila mwaka kuna nafasi ya asilimia 4 ya mvua hiyo kutokea, hata kama mwaka jana ilitokea. Na ukikaa chini ya bwawa hilo kwa miaka 25, nafasi ya kuiona angalau mara moja ni asilimia 64. Kwa sababu hiyo bomba la kutolea maji linaweza kupangiwa mvua ya kawaida, lakini utoro, ambao ndio unaolinda tuta la udongo linalozuia maji bwawani lisivunjike, tuliupangia mvua ya miaka 100, tukaukata kwenye ardhi asilia pembeni, kamwe si juu ya udongo uliojazwa.

Hata hivyo tuta lilikaribia kuvunjika, tena kwa jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu. Kilele cha tuta kilikuwa njia fupi ya kwenda barabarani, na vijana wa bodaboda waliigundua mapema kuliko sisi tulivyodhani. Katika mwaka mmoja matairi yalikuwa yamekula sentimita 30 mahali pamoja. Mkaguzi akipita haraka angeona njia tu. Usiku mmoja wa Aprili bwawa lilijaa, na kwa kuwa njia ile ilikuwa imeshuka chini ya usawa wa utoro, maji yakachagua kupita hapo. Mwenyekiti wa mtaa alinipigia simu saa 8 usiku. Tulikuta maji yakimwagika juu ya tuta kwa upana wa mlango, na upande wa chini udongo umeanza kumomonyoka kwa ngazi, kila ngazi ikirudi nyuma kuelekea bwawani. Tulijaza viroba vya mchanga, wanaume wa mtaa kwa wanawake, wakipokezana kwa mstari kuanzia kwenye lundo la mchanga wa fundi mmoja aliyekuwa akijenga jirani, na alfajiri maji yalikuwa yamerudi kwenye utoro.

Sikujaribu kuifunga njia. Watu waliihitaji kabla ya bwawa na wataendelea kuihitaji. Tuliinua kilele, tukaitandika njia kwa mawe ya matumbawe na saruji, na bodaboda zinapita hadi leo bila kulidhuru tuta. Tangu wakati huo, kila Februari mpima hupima kwa levo usawa wa kilele chote cha tuta, hatua kwa hatua, na mahali popote palipo chini ya mchoro hurudishiwa udongo kabla ya Machi.

Kuhusu mbu, majirani waliuliza mapema na walikuwa na haki. Kwenye joto letu yai la mbu hufikia kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja au mbili, hivyo sehemu inayokauka ndani ya siku tatu haizalishi. Sehemu yenye maji ya kudumu tuliiwekea perege, tukang'oa majani kando ya kingo, na palipobidi tukatumia viuadudu vya viluwiluwi vinavyotengenezwa Kibaha. Watoto ni habari nyingine, na sikuliacha jambo hilo kwa uzio pekee, maana uzio wa machimbo huibiwa nyaya. Kingo zote zimelazwa, na chini ya usawa wa maji kuna ngazi pana ya mita mbili, ya kina cha magoti, ili anayeteleza asimame kabla hajafika kwenye kina. Kuta zile za wima, ambazo zilifanya shimo lionekane bwawa lililokwisha kujengwa, zote tulizijazia kifusi.

Mzee wa jagi alikubali kipimamvua kiwekwe uani kwake, na mjukuu wake huandika daftarini kila siku saa 3 asubuhi. Kila mvua kubwa inapopita, namba ile hunifikia kwa simu kabla sijafika kazini, na mara nyingi huongezewa neno moja juu ya hali ya kisima. Kwenye bwawa la kutangulia imesimama fito yenye alama nyekundu katikati ya kina. Tope likiifikia, linazolewa bila kungoja kikao. Vuli iliyopita tope liliongezeka sentimita 11 na kuigusa alama ile. Masika bado haijaanza, na katapila limeshaitwa.